Siku Baba Alipookolewa

Iko nchi moja ambayo wewe huijui, na hata ukihisi unaijua, nakuomba usiseme kwa sauti, maana mimi ninaishi humo. Ni nchi nzuri. Ina mpunga, ina mito miwili, na ina Wizara ya Uokoaji wa Watoto, ambayo jengo lake lina vyumba vingi kuliko shule zetu zote zikiunganishwa.

Wizara hii iliundwa kwa sababu watoto wa nchi yetu walikuwa wakifanya kazi. Walikuwa wakigonga kokoto, wakiosha vyombo katika nyumba za wakubwa, na huku kwetu Mkindoni, bondeni kwenye mpunga, walikuwa wakiamia ndege. Kuamia si kazi ngumu kuieleza. Mpunga ukianza kutia maziwa, kweleakwelea hushuka kama wingu, na wingu hilo likikaa shambani kwa muda wa kunywa chai, mwenye shamba anabaki na mabua. Kwa hiyo hujengwa dungu, yaani kitanda cha miti juu ya nguzo ndefu, na juu yake anawekwa mtoto mwenye kombeo, debe bovu na koo zima. Anapiga kelele tangu jua linapochomoza mpaka ndege waende kulala. Ndege hawana Jumapili wala likizo, kwa hiyo na mtoto hana.

Serikali ilipoliona jambo hili iliumia sana. Ikatenga Siku ya Uokoaji, mara moja kwa mwaka, ili iumie mbele ya watu.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Msafara wa magari ulikuja na wageni wa kutoka nje. Mheshimiwa Waziri alipanda ngazi ya dungu, akamshika mtoto mkono na kumshusha polepole ili wapiga picha wasikose kitu. Mtoto alivishwa shati la shule juu ya nguo zake, akatundikwa begi mgongoni. Hotuba ikasomwa. Wageni wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Kisha msafara ukaondoka, isipokuwa gari moja lililobaki nyuma kukusanya shati na begi, kwa kuwa vile ni vitu vya umma na mwakani kulikuwa na uokoaji mwingine. Mtoto naye akarudi juu, maana ndege hawakuwa wamealikwa kwenye sherehe na hawakujua kwamba mambo yamebadilika.

Mimi niliokolewa mara tatu. Nashukuru.

Mara ya kwanza nilikuwa ndiyo kwanza nimeachishwa shule, darasa la tano, na nililia kweli. Mara ya pili nilikumbuka nililia wapi, nikalia palepale. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajua mkono gani nitangulize ili Mheshimiwa asiteleze kwenye ngazi, naye alimwambia mkurugenzi wake kwamba mtoto huyu anaokoleka vizuri. Picha yangu ikawekwa kwenye kalenda ya Wizara. Begi lenyewe lilikuwa limevimba vizuri sana, ila jepesi kama mto wa sufi. Sikuwahi kulifungua. Nililelewa kutofungua mizigo ya watu, sembuse mzigo wa serikali.

*

Basi wazazi wakabadilika, na wakabadilika bila kuiarifu Wizara.

Wengi husema ilianzia matangani. Zamani wanaume wa Mkindoni wakikaa matanga walijisifu kwa magunia. Siku moja mtu mmoja asiye na shamba hata la kupandia mchicha alisema, kwa sauti ya chini, kwamba binti yake yuko kidato cha pili na anajua kwa nini mwezi hupatwa. Matanga yote yakamgeukia. Wenye magunia wakasahaulika. Aliletewa mnofu wa nyama na mto wa kuegemea, na marehemu mwenyewe nadhani alisogea kidogo kumpisha.

Msimu uliofuata kila mwanamume alitaka awe na mtu wa kumtaja. Salamu zikabadilika. Mtu hakuulizwa tena mvua imemfikia au haijamfikia, aliulizwa wako yuko darasa la ngapi. Wazee ambao hawajawahi kukalia dawati walianza kusimama dirishani mwa shule kuhakikisha kazi inafanyika, na mmoja wao alimwambia Mwalimu Hidaya kwamba anaandika herufi ndogo mno ubaoni, aongeze, watoto washibe. Mama yangu, ambaye zamani alikuwa akisema kalamu haichemshi maji, akawa anamfokea mdogo wangu Zamda akimkuta na ufagio. Nyumba ilijaa vumbi la fahari.

Baba alikuwa wa mwisho. Baba yetu, Mzee Sefu Kibindo, alishikilia kwamba shule haifukuzi ndege. Lakini alipoona kwamba matangani hana la kusema, akamwachia Zamda aende shule, na siku moja ikabidi apande dunguni yeye mwenyewe, kwa sababu miye nilikuwa na homa na mama alikuwa sokoni.

Jioni alirudi hana sauti. Midomo ilikuwa imepasuka, macho mekundu. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama muda mrefu, halafu akasema neno moja tu.

“Kumbe.”

Akaenda kuoga.

Hakuwa peke yake. Bonde zima, watu wazima walipoanza kupanda madungu, waligundua jambo la kushangaza, kwamba kule juu kuna jua. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Tumekaa kule watoto tangu enzi za mababu, na haikuwahi kusemwa mkutanoni. Sasa mkutano uliitishwa haraka, na kabla ya mavuno kila dungu lilikuwa limeezekwa makuti. Baba aliongeza kiti chenye mgongo.

*

Huko makao makuu habari ilifika kwa njia ya vyombo. Mke wa Bwana Tarimbo, Mkurugenzi wa Uokoaji, alikuwa akitafuta msichana wa kazi. Alituma watu kila kijiji, na kila kijiji kilijibu kwamba wasichana wako shule, aje mwakani ajaribu tena. Ikawa Bwana Tarimbo anaosha sahani zake mwenyewe. Inasemekana aliingia kwenye kikao cha dharura na povu kwenye kiwiko.

Ajenda ya kikao ilikuwa moja, Upungufu Mkubwa wa Watoto Wanaoteseka. Siku ya Uokoaji ilikuwa imekaribia, wageni walikuwa wameshapanda ndege, na nchi nzima haikuwa na mtoto wa kuokoa aliyekidhi viwango. Mmoja akapendekeza waazime watoto nchi jirani. Mwingine akapendekeza kinyago. Kijana mmoja mgeni kazini aliinua mkono akauliza, kwa heshima zote, kama hii si habari njema. Alihamishiwa Idara ya Chumvi siku hiyohiyo.

Ndipo Waziri mwenyewe alipokumbuka kwamba wageni huwa wanauliza habari za yule binti wa kwenye kalenda. Akaagiza atafutwe.

Bwana Tarimbo alikuja Mkindoni na gari refu. Aliponiona alihuzunika. Alinizunguka mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe aliyedhaniwa ndama, akatikisa kichwa, akasema nimekua bila sababu. Kisha Zamda akapita na ndoo kichwani, naye ana sura yangu ile ya kalenda kabisa, na uso wa Mkurugenzi ukang'aa.

Alimwita baba kando, lakini alikuwa amezoea vipaza sauti, kwa hiyo wote tulisikia.

“Mzee wangu, tunamwazima tu. Asubuhi moja. Anapanda, anaokolewa, anashuka.”

Baba aliuliza ni siku gani. Ilipotajwa, mama aliyekuwa akipepeta mchele alisimamisha ungo hewani. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa darasa la saba. Wizara ya Mitihani na Wizara ya Uokoaji ziko jengo moja, lakini ghorofa tofauti, na lifti haifanyi kazi.

Mtihani ule ndio mlango. Ukikosa siku hiyo umekosa, hakuna wa kukufungulia tena, na Zamda alikuwa hajala vizuri wiki mbili kwa ajili yake. Baba akamweleza hayo yote. Mkurugenzi akasikiliza kwa uchungu wa kikazi, akasema hata yeye ni mzazi. Halafu akaongeza, akiitazama pampu ya maji inayojaza mfereji wetu, kwamba kijiji kisichoweza kutoa hata mtoto mmoja anayeteseka kitahesabiwa kimeshaendelea, na kijiji kilichoendelea hakihitaji pampu ya msaada.

Hapo watu wote waliokuwa wamesimama pale wakatazama chini. Bila pampu hakuna mpunga, na bila mpunga hata huyo anayefaulu anasomea nini.

Nilidhani baba amekwisha.

“Bwana mkubwa,” alisema mwishowe, “binti yangu huyu mkubwa mmemwokoa mara tatu. Huyu mdogo nakuomba umwache. Asiokolewe.”

“Mzee Kibindo, hiyo ni lugha ya kukataa maendeleo.”

“Siku yenyewe ikifika, mtakuta mtu juu ya dungu. Hilo nakuahidi, kwa jina la baba yangu.”

Mkurugenzi aliridhika, akaandika kwamba kijiji kimetoa ushirikiano, akaondoka. Mama alirudi kupepeta, lakini alipepeta kwa hasira mpaka kuku wakala mchele badala ya pumba. Usiku ule Zamda alichonga penseli yake mpaka ikabaki kipande cha kidole.

*

Siku ikafika. Asubuhi Zamda alivaa sare yake, akatoka. Baba alichukua debe na kombeo, akaelekea njia nyingine. Mama alimfuata kwa macho, halafu akaniambia niende nikatazame, nirudi nimweleze, kwa sababu yeye hataki kujua.

Magari yalikuja na vumbi lake. Wageni walikaa chini ya turubai, wakapewa maji ya chupa na mkalimani. Dungu letu Wizara ilikuwa imelivua makuti yake alfajiri, ili mateso yaonekane vizuri.

Sasa, Waziri wetu ana utaratibu wake wa kupanda ngazi. Hupanda kinyumenyume, mgongo kwenye dungu na uso kwa wapiga picha, ili taifa lisimwone kisogo. Kwa hiyo alipanda hivyo, ngazi kwa ngazi, akisoma hotuba ya kiongozi anayesikia kilio cha mtoto. Sote tuliokuwa chini tulikuwa tunaona aliyekaa juu. Hakuna aliyethubutu kusema. Ukimkatiza Mheshimiwa kwenye ngazi na akaanguka, umemwangusha wewe.

“Binti huyu mdogo,” alisoma Mheshimiwa, “mwenye viganja laini vilivyoumbwa kushika kalamu, leo anashuka kutoka gizani. Nipe mkono, mwanangu.”

Akanyoosha mkono wake nyuma. Mkono mwingine ukaja ukaushika. Ulikuwa mkubwa na mgumu kama gome. Waziri aliutomasa kidogo, akageuka, akakuta ndevu.

“Wewe nani?” alinong'ona. Kipaza sauti kilinong'ona naye.

“Ni mtoto wa Mzee Kibindo, mheshimiwa. Wa Kibindo mkubwa, marehemu. Aliniweka hapa nikiwa na miaka saba, nikaambiwa nisishuke. Sijapata kuokolewa. Nimewasubiri sana.”

Nilimwona Bwana Tarimbo akitafuta kitu cha kuegemea, na kitu pekee kilichokuwa karibu kilikuwa mimi.

Mheshimiwa Waziri ni mtu mwenye uzoefu. Aliwatazama wapiga picha, akawatazama wageni, akaitazama karatasi yake. Karatasi ilisema binti. Karatasi ilikuwa imeshapitishwa na ngazi zote. Akaendelea kusoma.

Kwa hiyo baba aliokolewa. Alishushwa polepole, akisemwa kuwa ni tumba la ua linalosubiri kuchanua. Shati la shule lilikataa kupita mabegani, wakalifunga shingoni kama kitambaa cha mtoto anayelishwa uji. Begi likatundikwa. Mkalimani alikuwa ametafsiri hotuba yote tangu jana yake na hakuona haja ya kuinua kichwa, basi wageni walisikia binti, wakamwona baba, na wengi wao wakalia kuliko miaka yote. Mwanamke mmoja alisikika akisema hakujua kwamba kazi inaweza kumzeesha msichana kiasi kile.

Makofi yalikuwa bado yanalia wingu lilipotokea upande wa mto. Kweleakwelea.

“Mzee, panda,” alisema Bwana Tarimbo haraka.

Baba akamwuliza apande wapi. Yeye ameokolewa. Mheshimiwa ametoka kusema sasa hivi, mbele ya wageni, kwamba atakayemrudisha aliyeokolewa kazini atakiona cha moto.

“Lakini ule si mpunga wako?”

“Ni wangu, bwana mkubwa. Na mzigo wa kumwokoa mlinzi ni wenu. Panda wewe.”

Ndege walikuwa wameanza kuinama. Waziri, ambaye aliona wapiga picha wakigeuza mashine zao upande wa shamba, alimtolea Mkurugenzi jicho. Bwana Tarimbo akavua viatu, akapanda, soksi zikinasa kwenye vijiti. Kombeo hakuliweza. Debe alilipiga akajipiga goti. Ndipo akatoa hotuba nyingine mfukoni, ile ya mafanikio ya Wizara, akaletewa kipaza sauti, akaanza kusoma tangu utangulizi.

Sijapata kuona ndege wakiondoka vile. Alipofika kwenye aya ya mipango mkakati waliinuka wote kwa pamoja, wakavuka mto, na wanasema walilala nchi jirani. Wazee wa Mkindoni walitazamana. Hotuba tumezisikia maisha yetu yote, na hakuna aliyekuwa amejua kazi yake.

*

Utaratibu unasema aliyeokolewa apelekwe shule saa ileile, basi baba alipelekwa, kwenye gari la Mheshimiwa, kiti cha nyuma. Nami niliwekwa mbele kama ndugu wa mtoto.

Shule ilikuwa kimya. Mwalimu Hidaya alitoka mlangoni akaweka kidole mdomoni, na baba, ambaye zamani alisema maneno makali juu ya jengo lile, akatembea kwa ncha za vidole mpaka kwenye benchi la nje. Akakaa na begi lake mapajani. Kila mara alinyanyuka kidogo kuchungulia dirishani, akimwona Zamda ameinama, anakaa tena.

Zamda alipotoka kidole chake kilikuwa cheusi kwa penseli. Alimwona baba, akasimama.

“Baba, umeitwa na mwalimu?”

“Hapana. Nimeokolewa.”

Alimtazama shati la shingoni, begi, vumbi. Alikuwa hajacheka wiki mbili. “Sasa dunguni yuko nani?”

“Mkurugenzi.”

Wakacheka mpaka Mwalimu Hidaya akatoka tena na kidole chake. Baba aliuliza mtihani ulikuwaje. Zamda akasema hesabu moja tu ndiyo ilimtazama vibaya, nyingine zote wamesalimiana.

Lile gari la mwisho lilitukuta njiani. Dereva ni yuleyule, tunafahamiana, alishanivua begi mara tatu. Alishuka, akamsalimia baba vizuri, akanyoosha mkono. Baba alimpa shati. Begi akalishika.

“Hili limefika mpaka barabarani kwangu mara tatu likarudi,” alisema. “Leo litaingia ndani. Mwambie mkubwa wako bado naokolewa.”

Dereva alikuna kichwa. Alisema ataandika kwamba limepotelea majini, akaondoka. Ni mtu mzuri.

Nyumbani baba hakukaa. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa nimekaa na Zamda, tukimweleza mama yaliyotokea, akaliweka begi mapajani mwangu. Nikaona haya, maana lilikuwa begi la mtoto, na mimi si mtoto tena. Mwalimu Hidaya alikuwa ameniita zaidi ya mara moja kwenye darasa lake la mchana, la sisi tulioishia njiani, na kila mara nilisema nitakuja, nikajificha.

“Fungua,” alisema mama.

Nikafungua. Lilikuwa limejazwa magazeti, yamekunjwa kunjwa ili livimbe. Baba aliyatazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Sikupenda nilivyouona uso wake, kwa hiyo nikachukua gazeti moja, nikalinyoosha gotini kama ndicho nilichokuwa nakitafuta.

“Limeandika nini?” aliuliza. Baba hajui kusoma.

Lilikuwa gazeti la miaka kadhaa nyuma, na katikati yake nilikuwamo mimi, mkono mbele, nashuka ngazi. Nilisoma polepole, maana ni muda. Lilisema kwamba mtoto Mwajabu Sefu wa kijiji cha Mkindoni, aliyeokolewa na Mheshimiwa Waziri, hivi sasa yuko shule, anaendelea vizuri sana na masomo, na walimu wake wanamsifu.

Nilifurahi kupata habari zangu.

Kwa mbali, upande wa bondeni, tulimsikia Bwana Tarimbo. Alikuwa amefika kwenye shukrani na alikuwa anaanza upya.

“Serikali imeandika hivyo?” baba aliuliza. “Kwenye karatasi?”

“Ndiyo, baba.”

Alilitoa gazeti mikononi mwangu, akalikunja vizuri, akayatoa na yale mengine, akanirudishia begi likiwa tupu.

“Basi kesho nenda kwa Mwalimu Hidaya,” alisema. “Tusije tukaifanya serikali mwongo.”